Kikundi chetu kina sala, mada na mchango, lakini watu wanazidi kunywea

Barua

Shikamooni wana safu.

Mimi ni katibu wa kikundi cha wagonjwa wa kisukari katika hospitali moja ya wilaya, mkoa wa Tanga. Nina miaka 44, sukari ninayo mwaka wa saba sasa, na tangu mwaka jana nachoma insulini asubuhi na jioni. Tuliandikishana watu 23. Tunakutana Alhamisi moja ndiyo moja siyo, kliniki ikishamalizika, chini ya mwembe ulio mkabala na dirisha la dawa. Utaratibu wetu ni sala, akidi, kisha muuguzi anatoa mada (utunzaji wa miguu, mlo, kuhifadhi insulini), mwenye ushuhuda anasimama, na mwisho mchango wa shilingi elfu mbili. Anayechelewa analipa faini ya mia tano.

Mwanzoni palichangamka. Sasa tukifika tisa nashukuru. Na hao tisa ukiwatazama usoni unaona wamekuja miili tu. Kuna mzee aliyekuwa fundi seremala hodari, macho yamefifia, karakana kamwachia mwanawe. Anakaa saa nzima anachora mchanga kwa kijiti. Kuna kijana wa miaka 26 aliyeanza sukari akiwa mtoto, yeye huja, husaini, huondoka.

Kilichonisukuma niandike ni mama mmoja, nimwite Mama Z. Alikatwa vidole viwili vya mguu, genge lake la nyanya likafa, mume akahamia kwa mke mdogo. Mkutano uliopita aliinuka akasema, "Mimi nimechoka kujichoma. Bora nilale nisiamke." Sote tukamrukia: usiseme hivyo, hiyo ni kufuru, kuna waliokatwa mguu mzima. Tukamwombea dua. Hajarudi, na wiki ya pili inakwisha. Nikipiga simu anapokea mtoto, anasema mama kalala. Na daftari langu linaonyesha anadaiwa elfu nane.

Muuguzi wetu anasema hiyo ni sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito na kukata tamaa, tena si ya Mama Z peke yake, na kwamba siku hizi sonona inatibika hata kwa kikundi. Daktari mmoja yeye kasema vikundi ni soga, mtu apewe vidonge basi. Mimi najiuliza: kikundi si tunacho tayari? Mbona hakitutibu? Kama tiba hiyo ipo kweli, inaendeshwaje hasa, maana "kila mtu aseme la moyoni" tumeshajaribu? Naweza kuiongoza mimi? Mji wetu ni mdogo, siri itakaaje? Na mchango tuendelee nao?

Katibu mwenye daftari, Tanga

Jibu

Marahaba, katibu.

Tuanze na Mama Z, mengine yatasubiri. Usingoje Alhamisi, nenda kwake leo. Nenda na mtu mmoja tu ambaye yeye mwenyewe anampenda, na kabla hujakaa mwambie lile deni limefutwa. Mtu aliyenywea hupima kila hodi kama ni ya mdai, na kwa upande wako ndivyo ilivyo, daftari unalo wewe.

"Mama kalala" ina maana tatu kwa mgonjwa wa insulini. Huenda ni sonona inayomweka kitandani mchana kutwa. Huenda sukari iko juu mno kwa sababu ameacha kuchoma. Huenda pia imeshuka, kwa kuwa anachoma lakini hali. Kwa hiyo chukua mashine ya sukari na vijiti vyake, mpime kabla ya mazungumzo. Ikiwa chini ya 4 (kwa mashine inayosoma mmol/L) na anaweza kumeza, mpe sukari vijiko vya chai 3 hadi 4 kwenye maji, rudia kipimo baada ya dakika 15, halafu ale. Hawezi kumeza au haamki sawasawa, usimtie kitu mdomoni, mpelekeni hospitali. Ikiwa juu, tuseme 15 na kuendelea, na anatapika, anahema kwa nguvu au anasinzia katikati ya maneno, hilo nalo ni la hospitali saa hiyo hiyo.

Akiwa na nafuu ya kuzungumza, muulize waziwazi: "Ulisema bora ulale usiamke. Unawaza kujiua?" Watu wengi huogopa kwamba kuuliza kutampandikizia wazo. Sivyo. Anayewaza tayari hupumua anapoona kuna mtu anaweza kulitaja. Akikubali, uliza kwa njia gani, lini, na kama kitu chenyewe anacho ndani. Kwa mtu wa insulini kitu chenyewe mara nyingi anacho, na njia ni mbili: kuchoma nyingi, au kuacha kuchoma kimyakimya, jambo ambalo ndugu wataliita uvivu. Uliza basi, "Mara ya mwisho umechoma lini?" Akiwa na nia na njia, asiachwe peke yake hata usiku mmoja, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na insulini, vidonge vyote na sumu ya panya au ya shambani vikae kwa ndugu mzima ambaye ndiye atakayempimia kila dozi. Akisema anatamani tu kufa lakini hana mpango, bado aonane na mtaalamu wa afya ya akili ndani ya wiki hii, na mmoja wenu apite kwake kila siku mpaka siku hiyo.

Lile jibu la "kuna waliokatwa mguu mzima" tunaelewa lilitoka kwenye hofu, wala hatukulaumuni. Ila kwa aliyelisikia maana yake ilikuwa moja: hapa hapasemwi.

Sasa kikundi. Muuguzi wenu yuko sahihi, na ushahidi wake haukutoka mbali. Mwaka 2002, kusini mwa Uganda, katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, eneo lililoumizwa sana na Ukimwi, watafiti walijaribu tiba ya kikundi inayoshughulikia uhusiano wa mtu na watu wake. Walianza kwa kuuliza wenyeji maradhi haya wanayaitaje, wakapewa majina mawili ya Kiganda: yo'kwekyawa, kujichukia, na okwekubazida, kujisikitikia. Kisha wanawake kwa kikundi chao na wanaume kwa chao, walikutana dakika 90 kila wiki kwa wiki 16. Walioongoza hawakuwa madaktari, walikuwa wenyeji waliomaliza sekondari na kupewa mafunzo ya wiki mbili. Kabla ya kuanza, asilimia 86 ya waliotibiwa walikuwa na dalili za kutosha kuitwa sonona kubwa. Mwisho ikabaki asilimia 6.5. Katika vijiji ambavyo havikupewa tiba ilitoka asilimia 94 hadi 54.7, maana wapo ambao huinuka wenyewe muda ukipita.

Utafiti wa pili ndio unaojibu swali lako la "mbona hakitutibu". Huko kaskazini mwa Uganda, Profesa Etheldreda Nakimuli-Mpungu na wenzake waliwachukua watu 1,140 wanaoishi na VVU na wenye sonona, katika vituo vya afya 30. Nusu ya vituo viliendesha tiba ya kikundi ya vikao nane. Nusu nyingine navyo vilikuwa na vikundi, lakini vya elimu ya VVU: mada, maswali, majibu. Miezi sita baada ya vikao kwisha, katika vikundi vya tiba waliobaki na sonona kubwa walikuwa 2 kati ya 578. Katika vikundi vya elimu walikuwa 160 kati ya 562. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Wote walikaa kwa duara, wote walikutana na wenzao wa ugonjwa mmoja. Tofauti ni kile kilichofanyika ndani ya duara.

Mlicho nacho chini ya mwembe, katibu, ni kikundi cha elimu kilichoongezewa ushuhuda na faini. Elimu ya miguu inaokoa miguu, msiiache. Lakini ushuhuda una kasoro yake kwa mtu mwenye sonona: anayesimama ni yule aliyeshinda, na anayesikiliza anarudi nyumbani akijiona yeye ndiye aliyeshindwa. Msivunje kikundi kile. Anzisheni cha pili, kidogo, chenye mlango unaofungwa na tarehe ya kumalizika.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 ulifupisha ile tiba ya Masaka kuwa vikao nane, na unapatikana bure kwenye tovuti yao. Watu ni 6 hadi 10. Wakiwa 4, wawili wakikosa mnabaki mnatazamana. Wakiwa 14, wanne wataongea na kumi watakuwa hadhira. Kila wiki, siku ile ile, saa ile ile, dakika 90. Hii ya wiki moja ndiyo moja siyo haitoshi, kwa sababu kazi yote hufanyika kwenye jambo la wiki iliyopita, na baada ya siku 14 mtu hakumbuki tena ni neno gani lililomlaza. Baada ya kikao cha pili msipokee mtu mpya. Anayeingia wiki ya nne huwafanya wenzake warudi kusimulia majina na tarehe za kugundulika, na wiki imekwenda.

Nani aingie

Muuguzi ana dodoso la maswali tisa, PHQ-9, ambalo limetafsiriwa Kiswahili na kutumika sana Kenya na Tanzania. Kila swali linauliza kuhusu wiki mbili zilizopita: 0 ni hapana kabisa, 1 siku kadhaa, 2 zaidi ya nusu ya siku, 3 karibu kila siku. Jumla ya juu ni 27. Kuanzia 10 inatiliwa shaka sonona inayohitaji tiba, kuanzia 20 ni kali.

Kwenye kisukari dodoso hili lina mtego. Maswali ya usingizi, uchovu na hamu ya kula hujibiwa na sukari yenyewe. Anayeamka mara nne usiku kwenda haja ndogo atajizolea alama 3 za usingizi na 3 za uchovu bila huzuni yoyote. Kwa hiyo kabla ya kuamini jumla, tazameni maswali mawili ya kwanza, lile la kukosa raha au hamu ya kufanya mambo na lile la kujisikia mnyonge au kukata tamaa. Kama yote mawili yana 0 au 1, rekebisheni kwanza sukari, pimeni damu na tezi ya shingo, na kwa aliyemeza metformini miaka mingi muulizeni daktari habari ya vitamini B12, maana dawa hiyo huipunguza na upungufu wake huleta uchovu na ganzi. Yule fundi seremala anayechora mchanga, kwa macho tu, tungemweka kwenye orodha ya kupimwa kwanza.

Swali la tisa ni la kufa na kujidhuru. Yeyote aliyejibu 1 au zaidi haondoki pale kabla ya kuulizwa yale tuliyokuambia umuulize Mama Z. Mwenye nia na mpango haanzii kwenye kikundi, anaanzia kwa daktari. Vivyo hivyo anayesikia sauti, aliyewahi kupata vipindi vya kupandwa na furaha na kutolala siku kadhaa, au anayekuja amelewa. Mwenye alama 20 na zaidi aonane na daktari kwanza, kisha anaweza kuingia huku anameza dawa.

Kabla ya kikao cha kwanza, mwezeshaji akae na kila mtu peke yake kama saa nzima. Msiruke hatua hii hata kama mna haraka. Hapo ndipo anapomwambia, "Hii ni sonona, ni maradhi, yanatibika, na si udhaifu wa imani," halafu wanatafuta pamoja kilichotokea maishani karibu na wakati dalili zilipoanza. Tiba hii inatazama mambo manne tu: msiba, ugomvi na mtu wa karibu, mabadiliko ya maisha, na upweke. Mgonjwa wa siku nyingi karibu kila mara ataingilia mlango wa mabadiliko, alikuwa mtu fulani sasa si yeye. Chimbeni zaidi, maana nyuma ya mabadiliko mara nyingi kuna ugomvi. Kwa Mama Z vidole vilivyokatwa vinaonekana na kila mtu, lakini mume aliyehama ndiye huenda anamlaza. Kila mtu achague jambo moja, mawili kwa shida, aandikiwe lengo kwa maneno yake mwenyewe. "Nipate amani" halifanyiki kazi. "Nimwambie mwanangu nataka bado nipige randa siku mbili kwa wiki" linafanyika.

Ndani ya dakika 90

Kikao cha kwanza ni cha kufahamiana, kanuni na kila mtu kutaja lengo lake. Cha pili hadi cha saba ni kazi. Cha nane ni kuagana.

Kikao cha kazi huanza kwa dodoso. Kila mtu ajaze au asomewe pembeni, na hii inachukua kama dakika 10. Halafu mwezeshaji anazunguka: "Wiki iliyopita ulikuwa na 17, leo 13. Siku gani ulijisikia afadhali? Ulikuwa na nani?" Au kinyume chake, "Umepanda kutoka 12 hadi 16. Kilitokea nini, siku gani?" Kuunganisha alama na tukio, na tukio na mtu, ndiyo injini ya tiba hii. Atakayejibu "basi tu, sukari" asiachiwe. Aulizwe siku.

Tuseme mwanachama mmoja anasema Jumapili ilimharibikia. Nani alikuwepo? Wageni wa ubatizo. Kukatokea nini? Mkewe alimwondolea sahani ya pilau mbele ya watu akisema huyu mgonjwa. Ulisema nini? Nilinyamaza. Ulitaka kusema nini? Hapo kimya kinaweza kuchukua dakika nzima, na mwezeshaji mchanga atataka kukijaza. Asikijaze. Hatimaye mtu atasema, "Nilitaka aniambie tukiwa wawili." Sasa kikundi kinafanya kazi. Mwanamume mwenzake anakuwa mke (watacheka kwanza, si neno), mwenyewe anajaribu sentensi yake: "Mke wangu, najua unanilinda. Nikikosea mlo, niambie chumbani." Anayeigiza mke anajibu kama mke angejibu, kwa ukali hata. Wanarudia mara mbili au tatu hadi sauti ikae. Wengine wanaulizwa nani amewahi kukutana na hili na alifanyaje, na anayeshauri aseme alichofanya yeye, asiseme "wewe inabidi". Mwisho anaulizwa ni lini atamwambia. Jumanne usiku, baada ya watoto kulala. Linaandikwa. Wiki inayofuata ndilo swali la kwanza.

Kwa kikao kimoja watu wawili hadi watatu ndio watakaofika kina hiki. Wengine wapewe dakika chache kila mmoja, na mwezeshaji aweke alama nani hajafikiwa ili wiki ijayo aanze naye. Bila kuweka alama, yule kijana anayesaini na kuondoka atasaini vikao vyote nane.

Kikao cha nane huwa na huzuni yake na ndivyo inavyotakiwa. Kila mtu anataja alama alizoanza nazo na alizonazo, kilichobadilika na alichokifanya kukibadilisha, dalili tatu zitakazomjulisha kwamba inarudi (mmoja huacha kuoga, mwingine huacha kupima sukari), na jina la mtu atakayempigia. Alama zikishuka kwa nusu, tiba imefanya kazi. Zikiwa chini ya 5, amepona kwa kiasi cha kuridhisha. Aliyebaki na 10 na zaidi asiambiwe "endelea kujitahidi", apelekwe kwa daktari. Kwa wote, dodoso lirudiwe baada ya mwezi mmoja na miezi mitatu, siku ya kliniki. Msiwaahidi kwamba sukari inayopimwa kwa wastani wa miezi mitatu itashuka. Kwa baadhi hushuka, kwa wengine haisogei ingawa moyo umetulia, na ahadi isiyotimia itamrudisha mtu alikotoka.

Panapoharibikia

Mahali. Mwembe karibu na dirisha la dawa hautafaa, mtu hawezi kutaja mume wake huku foleni inasikiliza. Tafuteni chumba cha zahanati baada ya saa za kazi, darasa Jumamosi, au ofisi ya mtaa. Viti kwa duara, hakuna meza, mwezeshaji asikae mbele kama mwalimu.

Mashindano ya ugonjwa. "Yako 18? Mimi ilisoma HI, mashine ikashindwa." Yanachekesha na yanaweza kula kikao kizima. Dawa yake ni swali lile lile: ilipofika hapo nyumbani alikuwepo nani, alifanya nini?

Sala. Fungueni kwa sala kama wote wanataka, kwa kifupi. Lakini mtu akianza kulia, dua isitumike kumnyamazisha. Mwacheni alie, mpeni maji, mkae.

Ila kabla ya kusema analia kwa huzuni, mpimeni. Sukari ikishuka mtu hutetemeka, hutoka jasho, hukasirika au hulia bila sababu, na kikundi kizima kinaweza kumfariji mtu anayehitaji soda. Pale kwenye kiti wekeni mashine, sukari, na soda ya kawaida. Nusu ya chupa ya mililita 300 yatosha kwa kuanzia. Waliokuja na njaa kwa ajili ya kipimo cha asubuhi wale kwanza, kikao baadaye.

Wanaume na wanawake watengwe, kama walivyotengwa katika tafiti zote mbili za Uganda. Sukari huathiri nguvu za kiume, na mwanamume hatalisema hilo mbele ya jirani yake mwanamke hata mwaka upite. Kwenye chumba cha wanaume watupu likitajwa na mmoja, wiki hiyo hiyo utasikia wengine.

Siri kwenye mji mdogo hailindwi kwa kiapo peke yake. Kubalianeni maneno kamili. Mtu akiulizwa "mnazungumza nini kule?" ajibu nini? "Tunazungumza ya sukari" ni jibu la kweli na linatosha. Kubalianeni pia kama mnasalimiana barabarani na kwa jina gani. Msiweke ndugu wawili wala mtu na mkwe wake kwenye kikundi kimoja. Na semeni tangu siku ya kwanza kwamba siri ina mpaka mmoja: mwenye hatari ya kujidhuru au kudhuru mwingine, mwezeshaji atalazimika kumwita mtu.

Nauli ndiyo huua vikundi vingi, kuliko aibu. Mtu aliyekosa mara moja apigiwe siku hiyo hiyo na mwezeshaji, kwa sauti ya kumkumbuka, si ya kumdai.

Wewe, daktari na mchango

Unaweza kuongoza? Kwa elimu na moyo, ndiyo, Masaka ilionyesha hivyo. Lakini si kwa kusoma safu hii. Mafunzo yanahitajika, na baada ya hapo mtaalamu wa kukaa nawe kila wiki mkapitia kikao kilivyokwenda. Anzia kwa mratibu wa afya ya akili wa wilaya, mpelekee ule mwongozo, mwombe muuguzi wenu afundishwe pamoja nawe ili muwe wawili ukumbini. Sharti letu ni moja: anayeshika daftari la madeni asishike kiti cha mwezeshaji. Mkabidhi mwingine daftari kwanza.

Daktari naye hakukosea kuhusu vidonge, amekosea kuviweka upande mmoja na kikundi upande mwingine. Sonona kali mara nyingi inahitaji vyote viwili. Ila kwa mtu wa kisukari aulize ni kidonge gani. Amitriptilini husaidia pia maumivu ya kuwaka moto miguuni, lakini huweza kuongeza uzito na sukari, haifai kwa moyo wenye hitilafu, na ni hatari mtu akimeza nyingi kwa pamoja, kwa hiyo Mama Z asipewe pakiti ya mwezi mzima mkononi. Fluoksetini huweza kushusha sukari kwa anayechoma insulini, hivyo apime mara nyingi zaidi wiki za mwanzo. Nafuu huanza kuonekana baada ya wiki 2 hadi 4, na haziachwi mtu anapojisikia vizuri tu. Shirika la Afya Duniani linashauri ziendelee kumezwa miezi 9 hadi 12 baada ya dalili kuisha, na zipunguzwe taratibu na daktari.

Mchango: kwa wiki zile nane, hakuna. Hata mia. Ule mpango wa kaskazini mwa Uganda ulikuwa na mafunzo ya kujiongezea kipato ndani yake, kwa sababu umaskini ni sehemu ya ugonjwa huu, lakini watu walifundishwa hayo walipokwisha kuanza kupata nguvu ya kuyafanya. Wiki ya tisa wakitaka kufungua kikoba, wafungue, kwa daftari jipya, majina yote yakianza na sifuri.